KAMERA YA JOTO NA MAJI YALIYOJIFICHA UKUTANI

Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike makala ya sayansi, tena kwa Kiswahili kitupu, maanake mwaka nenda mwaka rudi kurasa hizi hujaa mashairi, ngano na vitendawili, kana kwamba lugha hii hupigwa marufuku mlangoni mwa maabara. Nimekubali. Nitaeleza chombo kiitwacho kamera ya joto na jinsi kinavyotumiwa kutafuta maji yanayovuja ndani ya kuta za majumba. Fizikia yake ni ile ile tunayofundishwa darasani, hakuna uchawi wowote. Lakini watu wengi wakikiona kikifanya kazi hudhani kinaona maji. Hakioni maji hata tone moja. Kinaona joto la uso wa ukuta, basi! Anayeisahau tofauti hiyo ataubomoa ukuta wa watu na asipate kitu, na nitawaonyesha mahali ambapo jambo hilo nusura litokee mara ya tatu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanafalaki William Herschel, yule yule aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Akachukua vipimajoto ambavyo vichwa vyake alikuwa amevipaka rangi nyeusi, akaviweka katika rangi moja baada ya nyingine ili ajue ni ipi yenye joto zaidi. Joto likawa linapanda kutoka zambarau kuelekea nyekundu. Kisha akakiweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote. Lahaula! Hapo joto likawa kubwa kuliko katika rangi zote. Ikabainika kwamba jua hutuletea pia mionzi tusiyoiona kwa macho. Mionzi hiyo ndiyo tuiitayo leo mionzi ya infraredi, yaani iliyo chini ya nyekundu.

Mwanawe, John Herschel, alifanya jambo ambalo mimi naliona zuri zaidi, ingawa vitabu vyetu vya shule hulipita mbio. Mwaka 1840 alichukua karatasi nyembamba, akaipaka masizi, akailowesha kwa kileo, halafu akaiangazia rangi za mwanga wa jua pamoja na ile sehemu isiyoonekana. Pale palipopata joto zaidi palikauka upesi, pale palipopata joto kidogo pakabaki pamelowa. Kukawa na picha. Hiyo ni picha ya kwanza ya joto, na ilichorwa kwa maji-maji yanayokauka! Msomaji na alishike jambo hilo, kwa sababu ukuta unaovuja nao hujichora kwa njia hiyo hiyo.

Sasa, kila kitu kilicho na joto hutoa mionzi: jiko, paka, dawati, ukuta, hata barafu. Josef Stefan aligundua mwaka 1879 kwamba nguvu ya mionzi hiyo hufuata kipeo cha nne cha halijoto, ikipimwa kwa Kelvini. Hebu tupige hesabu. Ukuta wenye nyuzi 22 za Selsiasi ni Kelvini 295. Kama ungekuwa unatoa mionzi kikamilifu, kila mita mraba ingetoa wati 429 hivi. Ukishuka hadi nyuzi 20, hutoa wati 418. Tofauti ni wati 11 tu. Hatuioni kwa macho kwa sababu mawimbi ya mionzi hii ni marefu mno: macho yetu hukoma kwenye sehemu 0.7 ya maikromita, ilhali ukuta wa kawaida hung'aa zaidi karibu na maikromita 10. Nimesema "hung'aa" makusudi. Laiti tungekuwa na macho ya aina hiyo, tusingehitaji taa usiku.

Kamera ya joto ni macho ya aina hiyo. Hupokea mawimbi ya kati ya maikromita 8 na 14. Lenzi yake aghalabu hutengenezwa kwa madini ya jemaniamu, maana kioo cha kawaida huyazuia mawimbi haya kama ukuta unavyozuia mwanga. Nyuma ya lenzi kuna maelfu ya vipande vidogo sana, na kila kipande kikipata joto ukinzani wake wa umeme hubadilika. Mashine husoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa nukta ya picha. Vipande vya namna hii, vilivyotengenezwa kwa oksaidi ya vanadiamu, vilibuniwa katika kampuni ya Honeywell kwa ajili ya jeshi la Marekani, na siri yake ikafunguliwa mwaka 1992. Ndipo kamera hizi zilipoanza kushuka bei na kuingia mikononi mwa mafundi wa nyumba. Kamera nzuri ya fundi huwa na nukta 320 kwa 240, yaani 76,800 kwa jumla, na huweza kutambua tofauti ya sehemu ya kumi ya nyuzi moja au hata ndogo zaidi. Ziko pia ndogo za kuchomekwa kwenye simu, zenye nukta elfu chache tu.

Mkiona haya ni mageni, kumbukeni kile kibunduki tulichoelekezewa kwenye paji la uso getini wakati wa korona, shule zilipofunguliwa tena Januari 2021. Kile nacho hupokea mionzi ya infraredi. Ni kama kamera ya joto yenye nukta moja tu.

Maji yanaingiaje katika habari hii? Jibu liko jikoni kwa nyanya. Kwa nini maji ya mtungi wa udongo ni baridi hata siku ya jua kali, na hali mtungi haukuunganishwa na umeme? Ni kwa sababu udongo una vitundu vidogo vidogo, maji hupenya mpaka nje, yakageuka mvuke. Maji hayawezi kugeuka mvuke bure. Lazima yapate nishati, ile tuiitayo joto fiche, na nishati hiyo huichukua kutoka kwenye mtungi wenyewe. Mtungi ukanyang'anywa joto, maji yakapoa. Ukuta uliolowa ni mtungi. Plasta, mawe na simiti vina vitundu, maji hupenya mpaka kwenye uso, yakawa yanakauka polepole, na sehemu ile ikapoa kuliko ukuta mkavu uliopakana nayo.

Inapoa kwa kiasi gani? Watu husema "kidogo" wakaishia hapo, lakini sisi tuna kalamu. Tuchukue mita mraba moja ya ukuta inayokausha lita moja ya maji kwa siku nzima. Kugeuza lita moja kuwa mvuke katika joto la kawaida la chumba huhitaji kilojuli 2,450 hivi. Siku ina sekunde 86,400. Ukigawanya unapata wati 28. Ukuta wa ndani hubadilishana joto na hewa pamoja na vitu vya chumbani kwa kadiri ya wati 8 kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Gawanya 28 kwa 8: nyuzi tatu u nusu. Hata maji yangekuwa robo yake, bado ingebaki karibu nyuzi moja, na kamera ingeiona vizuri mno. Na wala lita moja kwa siku si mvujo mkubwa. Matone 20 hufanya mililita moja, kwa hivyo paipu inayodondosha tone moja tu kila sekunde humwaga zaidi ya lita nne kwa siku!

Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na ndiyo ya kawaida. Kuna nyingine mbili. Paipu ya maji moto ikivuja, mambo hugeuka: doa huwa la joto, na picha huonyesha mstari wa paipu ukifura mahali penye tundu. Halafu kuna mapaa tambarare ya slebu. Maji huhitaji joto jingi ili yapande nyuzi moja, takriban mara nne ya joto linalohitajiwa na simiti ya uzito ule ule. Kwa hivyo sehemu ya paa iliyonyonya maji huhifadhi joto la mchana. Jua likishatua, slebu kavu hupoa haraka, ile yenye maji hubaki na uvuguvugu wake, na anayepiga picha magharibi huona ramani nzima ya unyevu. Angekuja saa sita mchana asingeona kitu cha maana.

Hapa nataka niwaonye juu ya rangi. Picha za kamera ya joto hupendeza kupindukia: samawati, zambarau, machungwa, manjano, kama kanga mpya dukani. Rangi hizo si za ukuta. Mashine ndiyo inayoamua kwamba pa baridi papakwe samawati na pa joto papakwe manjano. Tena kamera nyingi hujipangia kipimo zenyewe: hutafuta nukta ya baridi kabisa na ya joto kabisa katika picha, kisha huzitandaza rangi zote kati ya hizo mbili. Ikiwa ukuta mzima una tofauti ya nusu nyuzi tu, kamera itauchora kana kwamba upande mmoja ni barafu na mwingine ni tanuri. Mtu asiyejua atapiga yowe. Ndiyo maana fundi mwaminifu husoma namba zilizo pembeni kabla ya kuangalia rangi, na mteja akionyeshwa picha isiyo na namba ana haki ya kuziulizia.

Na kuna mambo mengi ya kuhadaa. Nguzo ya zege ndani ya ukuta wa mawe huwa na joto tofauti na mawe. Linta juu ya dirisha vile vile. Paipu nzima ya maji baridi, isiyovuja hata chembe, huonekana kama mstari wa baridi. Upepo unaoingia chini ya mlango hupoza kona. Ukuta uliopigwa na jua asubuhi hubaki na alama ya jua, na alama ya kivuli cha mti pia. Godoro likiegemezwa ukutani huacha sura yake hapo kwa muda mrefu. Vitu vya chuma king'aavyo ndivyo vibaya zaidi, kwa kuwa hutoa mionzi kidogo sana na kurudisha mionzi ya vitu vingine kama kioo cha kujitazamia. Ukielekeza kamera kwenye mfereji uliong'arishwa utajiona wewe mwenyewe, bwana mkubwa mwenye joto la nyuzi 30 na kitu, na unaweza kuandika katika ripoti kwamba mfereji unachemka. Rangi ya ukuta na plasta ni afadhali, maana hutoa zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayostahili.

Basi doa la baridi ni shahidi anayesema "hapa pana jambo". Jambo gani, hajui. Afadhali nitoe mfano wa hapa hapa shuleni, maana wengi wenu mlikuwapo ingawa si wote mliojua kilichokuwa kikiendelea.

Mnalijua lile bweni lenye mabafu juu na vitanda chini. Ukuta wa chini, upande wa ndani, ulikuwa na doa la unyevu kwa muda mrefu. Rangi ilikuwa imebambuka, kuvu nyeusi imeota kama manyoya, na harufu ilikuwa ile ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Hilo halikuwa suala la urembo tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kwamba wanaoishi katika majengo yenye hali hiyo huandamwa zaidi na matatizo ya kupumua na pumu. Mwenzetu mmoja aliyelala kitanda cha chini karibu na ukuta ule alikuwa halali usiku mzima bila kukohoa, na kipulizo chake cha pumu kilikuwa hakitoki chini ya mto.

Fundi wa kwanza aliitwa. Aliubomoa ukuta pale pale palipolowa zaidi, akakuta paipu, akaibadilisha, akapiga plasta upya. Baada ya wiki kadhaa doa likarudi. Akaubomoa tena futi mbili kando, akakuta paipu kavu kabisa. Simlaumu sana; maji yakishaingia ukutani hayana adabu ya kubaki karibu na tundu lao. Hufuata slebu, hupita katika bomba la nyaya za umeme, huteremka kwenye ungo wa mawe, yakatokea mahali pengine kabisa. Lakini pesa zilikuwa zimeisha, na sasa ikaanza kusemwa kwamba tatizo ni sisi wanafunzi wa ghorofa ya juu, ati twaacha mifereji wazi usiku. Kukawa na mpango wa kila mmoja wetu kutozwa mchango na mabafu ya juu kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mambo yalikuwa yameanza kuwa moto.

Mwalimu wetu wa Fizikia akamwomba mhandisi mmoja, aliyesoma hapa zamani, aje na kamera yake ya joto. Alipofika hakuitoa mfukoni kwanza. Alisema vitanda na magodoro viondolewe kwenye ukuta tangu asubuhi, madirisha yafungwe upepo utulie, na atapiga picha jioni. Sisi wa kikundi cha Fizikia tukaruhusiwa kutazama. Wengi tulitarajia sinema. Tulichoona ni umbo la samawati lenye ncha nyembamba juu na tumbo pana chini, mfano wa kibuyu. Tofauti kati yake na ukuta mkavu ilikuwa nyuzi mbili na kidogo. Ajabu ni kwamba ncha ya juu haikuwa juu ya mahali alipobomoa fundi. Ilikuwa karibu mita moja u nusu kushoto kwake, chini ya dari, sawasawa na kona ya bafu la juu.

Mmoja wetu akasema, "Basi mzee, tubomoe hapo." Mhandisi akacheka. "Bado, kijana wangu. Hiki kimeniambia pana baridi. Sijaambiwa pana maji." Akatoa kipimaunyevu, kijisanduku chenye sindano mbili kinachopima ukinzani wa umeme kati ya sindano hizo, mahali penye maji umeme hupita kwa urahisi. Ndani ya umbo la samawati namba zilipanda, nje zikashuka. Sasa ikawa ni maji kweli. Lakini maji ya wapi? Ya paipu inayoleta maji, ya paipu inayotoa maji machafu, au ya sakafu ya bafu? Kila moja lina dawa yake, na kamera haiwezi kuchagua.

Usiku ule mifereji yote ya bweni ilifungwa, kapteni akazunguka kuhakikisha, na mita ya maji ikasomwa saa nne usiku mbele ya mashahidi. Ikasomwa tena saa kumi na moja alfajiri. Haikusonga hata tarakimu moja. Paipu zenye msukumo zilikuwa salama. Naona hiyo ndiyo dakika iliyotuokoa sisi wa juu, kwa kuwa ilithibitisha pia kwamba hakuna mfereji unaoachwa wazi wala unaodondosha usiku.

Siku iliyofuata maji yalimiminwa kwa mpira moja kwa moja ndani ya tundu la kutolea maji ya shawa, bila kulowesha sakafu. Chini, kamera ikielekezwa ukutani, picha haikubadilika. Kisha tundu likazibwa kwa kitambaa na sakafu ya bafu ikajazwa maji vidole viwili. Kabla saa moja haijatimia, ulimi mwembamba wa samawati ulianza kuteremka kutoka darini, pale pale kwenye ncha ya kibuyu. Kwa hivyo paipu zote zilikuwa nzima, na maji yalikuwa yakipita kwenye kona ambapo vigae vya sakafu vinakutana na vya ukuta, ile simiti nyeupe ya kuziba nafasi ikiwa imekatika. Kila mtu aliyeoga aliunywesha ukuta kikombe kimoja, na sisi tuko wengi. Vigae vya kona vilitolewa, pakapakwa dawa ya kuzuia maji, vikarudishwa. Ukuta wa chini haukuguswa kwa nyundo.

Ninalotaka msomaji alione hapa ni hili. Matroni wa bweni alikuwa amesema tangu mwanzo, tena zaidi ya mara moja, kwamba doa hufifia tukienda likizo na hurudi tukirudi. Paipu yenye msukumo huvuja mchana na usiku, wanafunzi wawepo wasiwepo. Doa linalokwenda likizo pamoja na wanafunzi haliwezi kutokana na paipu hiyo; lazima litokane na matumizi. Maneno yake peke yake yangetosha kuzuia ubomoaji wa kwanza na wa pili, na hayakugharimu hata shilingi. Mhandisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwuliza. Kamera ilitumika kuonyesha mahali. Sababu ilipatikana kwa kuuliza, kufunga, kufungua na kungoja. Mchango haukutozwa. Mwenzetu mwenye pumu alihamishiwa upande mwingine wakati ukuta unakauka, na ukuta mnene hukauka kwa miezi, si kwa siku.

Wanaotoka pwani wataniuliza kama mambo ni hayo hayo Mombasa au Lamu. Si hayo kabisa. Hewa ya pwani tayari imejaa mvuke, kwa hivyo maji ya ukutani hukauka polepole, na kisichokauka hakipoi. Doa ambalo huku bara lingeonyesha tofauti ya nyuzi mbili laweza kuonyesha nusu nyuzi huko. Isitoshe, zile nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa huwa na chumvi ukutani, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata pasipo mvujo wowote. Chumvi hiyo hiyo humdanganya kipimaunyevu cha sindano, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Mtafutaji wa pwani hana budi kutegemea zaidi mita na majaribio ya kumwaga maji, na akipata kamera aitumie siku ya upepo mkavu.

Sasa wengine watasema, "Haya yote ni ya wenye pesa. Kwetu kamera haipo." Kweli haipo, lakini mengi yawezekana bila hiyo. Mita ya maji ipo karibu kila plotini, na kuisoma usiku na alfajiri ni bure. Kuna pia jaribio la nailoni. Kata kipande cha nailoni angavu, kiasi cha ukurasa wa gazeti, ukibandike juu ya doa kwa utepe pande zote nne hewa isipite. Kiache siku mbili. Matone yakijitokeza upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, basi maji yanatoka ukutani. Yakijitokeza upande wa nje, unaotazama chumba, huo ni umande tu: mvuke wa pumzi, wa kuoga na wa kupika umegusa ukuta baridi ukageuka maji. Hapo hakuna paipu ya kubadilisha. Fungua madirisha.

Na vile vibunduki vya wakati wa korona, ambavyo katika shule nyingi vimetupwa stoo vikikusanya vumbi, vinaweza kufanya kazi ya kamera kwa mtu mwenye subira. Kihamishe kwanza kutoka hali ya kupima mwili hadi hali ya kupima vitu, kwani katika hali ya mwili hukisia joto la ndani ya mtu na hakikubali kusoma ukuta wa nyuzi 20. Chora kwa chaki miraba ya sentimita 20 kwa 20 ukutani. Simama karibu, umbali ule ule kila mara, upime katikati ya kila mraba, uandike namba humo humo. Ukuta wa mita mbili kwa mbili utakupa namba 100, na hiyo ni kazi ya dakika chache kwa watu wawili, mmoja akipima na mwingine akiandika. Kisha unganisha kwa mstari miraba yote yenye namba inayolingana, kama tunavyochora kontua katika Jiografia. Kilima au bonde litajitokeza lenyewe. Rudia siku ya pili saa ile ile ili ujue kama ni la kudumu. Kikundi cha Fizikia kimeomba ruhusa ya kujaribu hivyo kwenye ukuta wa nyuma ya maktaba, ambao nao umeanza kubambuka rangi, na wanaotaka kushiriki waje na chaki yao wenyewe. Chaki ifutwe kabla ya mwalimu wa zamu kupita.